MAFUNJO SI MAGUGU, TAFADHALINI!

Mimi mwenzenu nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa ngege tangu mwezi wa Februari, na nisipolitema hapa sijui nitalitema wapi. Basi nivumilieni kidogo.

Mnaikumbuka ile siku tuliyotolewa madarasani kwenda kusafisha ufuo? Ilikuwa tarehe 2 Februari, na si kwa bahati. Hiyo ndiyo Siku ya Ardhi Oevu Duniani, ambayo huadhimishwa kwa sababu tarehe hiyo, mwaka wa 1971, mataifa yaliweka sahihi mkataba wa kulinda vinamasi na maziwa katika mji wa Ramsar kule Iran. Tulipewa mapanga, reki na glavu zisizotosha, tukaambiwa: "Toeni magugu yote yaliyo majini." Nani angekataa? Siku nzima bila hesabu wala kemia! Tukashuka pale ambapo kijito kinachopita nyuma ya mabweni kinaingia ziwani, tukaanza kazi huku tukiimba.

Nami nilikata. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba huyu mwandishi anajitia malaika. Nilikata kuliko wengi, hata nikasifiwa. Tulivuta gugu maji lililokuwa limeegemea ufuoni, hilo sina ugomvi nalo. Lakini hatukuishia hapo. Tuling'oa na mayungiyungi yaliyokuwa kwenye kidimbwi. Kisha tukageukia mafunjo, yale marefu yenye vichwa kama nywele za mtu aliyeshtuka, tukayafyeka mwanzo hadi mwisho, mahali panapotoshana na viwanja viwili vya voliboli. Jioni pakawa peupe kama kipara. Tulipiga makofi, tukapigwa picha, tukala mkate na soda.

Juma lililofuata nilienda nyumbani kutafuta karo, nikamsimulia dani yangu, yaani nyanya mzaa baba, mambo yale kwa madaha. Dani ni mfumaji. Tangu nizaliwe namwona ameketi chini ya mwembe akipasua mabua ya togo, ndivyo Wajaluo wanavyoyaita mafunjo, na kuyafuma mikeka anayouza siku ya soko. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye mikeka hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini, akaniuliza, "Mlikata na mizizi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, dani. Tulitoa magugu yote."

"Nyakwara, togo imekuwa gugu tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichukua kisu chake akaendelea kupasua. Niliporudi shuleni nikaanza kuuliza walimu na kupekuapekua maktabani, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyakuta, pamoja na maoni yangu ambayo uko huru kuyapinga katika toleo lijalo.

Hoja yangu ni moja tu: tumejifunza kulichukia gugu maji mpaka chuki hiyo imetupofusha. Sasa kila jani linaloota majini tunaliita gugu, tunalifyeka. Na tunapofyeka mafunjo, tunalifungulia mlango lile gugu tunalodai kupigana nalo.

Tuanze na adui mwenyewe. Gugu maji si mwenyeji wa hapa. Kwao ni Amerika Kusini, katika bonde la mto Amazon. Watu waliligawa duniani kote kwa sababu ya ua lake, kwa maana ni zuri, tuseme kweli, rangi ya zambarau iliyochujuka. Lilipambwa kwenye vidimbwi vya matajiri, likatoroka. Ziwa Victoria liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na njia yake kubwa ilikuwa mto Kagera unaoteremka kutoka Rwanda na Burundi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua hoi! Likipata chakula cha kutosha na joto, gugu hili linaweza kujizidisha maradufu kwa wiki moja au mbili. Mbegu zake huzama kwenye tope na kungoja miaka hata ishirini.

Mwaka wa 1998 lilifikia kilele. Katika ghuba yetu hii ya Winam pekee lilifunika karibu hekta 17,000. Ukitaka kuipima kwa akili ya mwanamichezo, hivyo ni viwanja vya kandanda zaidi ya 20,000. Wazee wa hapa wanasema ungeweza kudhani ziwa limekuwa shamba. Meli zilikwama bandarini Kisumu, wavuvi walikaa ufuoni wamekunja mikono, na samaki chini wakakosa hewa, maana zulia lile huziba mwanga na oksijeni ikapungua majini. Konokono wanaobeba kichocho nao wakapata nyumba.

Halafu likapungua. Kuanzia mwaka wa 1997 watafiti wa kilimo wa Kenya waliachilia fukusi wadogo, walioletwa mahususi kwa sababu hula gugu hilo, wakalitoboatoboa. Mvua za El Niño na mawimbi yake zikachangia pia. Kufikia mwaka wa 2000 ghuba ilikuwa imefunguka sehemu kubwa. Tukashangilia. Lakini baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 likarudi kwa kishindo, na tangu hapo limekuwa la kuja na kwenda kama homa ya malaria ambayo mgonjwa hakumaliza dawa.

Sasa swali ambalo katika insha zetu zote za "Madhara ya Gugu Maji" (na tumeziandika ngapi tangu shule ya msingi, jamani?) hatuliulizi: hili gugu linakula nini? Mmea haunenepi kwa upepo. Gugu maji halina mizizi ardhini. Linaelea, mizizi inaning'inia majini, na chakula chake chote hulazimika kukipata mumo humo katika maji. Chakula chenyewe ni nitrojeni na fosforasi. Na ni nani anayekipeleka ziwani? Ni sisi. Maji machafu ya miji, mbolea inayosombwa kutoka mashamba ya miwa na mahindi, udongo wa vilima vilivyokatwa miti huko juu, vyote huteremka na mito kama Nyando na kuishia ghubani. Ghuba yenyewe ni kama mfuko wenye mdomo mwembamba, kikiingia kitu hakitoki upesi. Kwa hiyo gugu si ugonjwa wenyewe. Ni jipu tu, na usaha unatoka kwingine.

Ndipo mafunjo yanapoingia katika hadithi.

Tazama mahali mto unapokutana na ziwa, kama hapajaharibiwa. Utakuta ukuta wa kijani, mabua ya mita nne au hata tano. Chini yake mashina yanayolala, manene kama mkono wa mwanamieleka, yamesukana na mizizi yakawa godoro. Mara nyingine godoro hilo linaelea kabisa, ukikanyaga linayumba. Mto unapofika hapo ukiwa umebeba tope, hauna budi kupunguza mwendo. Maji yakipunguza mwendo tope linaanguka. Mizizi inanyonya nitrojeni na fosforasi, na bakteria wanaoishi katika matope hayo wanaigeuza sehemu ya nitrojeni kuwa gesi inayorudi hewani. Maji yanayotokea upande wa pili kuelekea ziwani yamekwisha chujwa. Kumbukeni lile jaribio la maabara la kuchuja maji kwa mchanga na makaa. Basi mafunjo ni chujio hilo hilo, ila hili halikununuliwa na mtu na halihitaji fundi.

Na si maneno ya vitabu tu. Waganda jirani zetu wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Kinamasi cha Nakivubo kiko kati ya jiji la Kampala na Ziwa Victoria, na maji machafu ya jiji hupitia humo kabla ya kufika ziwani, ziwa hilo hilo ambalo jiji linachota maji ya kunywa. Wataalamu walikipigia hesabu ya pesa, wakaona kukiacha kifanye kazi yake ni nafuu kuliko kukiharibu kisha kujenga mitambo ya kufanya kazi ile ile. Hata hivyo watu wameendelea kukilima magimbi na kukijenga, na kadiri kinavyomegwa ndivyo kazi yake inavyopungua. Binadamu ni yule yule kila upande wa mpaka.

Mafunjo humeza hewa ya kaboni kwa wingi pia. Ni katika mimea inayokua kwa kasi sana duniani, na sehemu zake zinazokufa haziozi upesi kwa vile tope la kinamasi halina oksijeni, zinajilimbika zikawa mboji nyeusi. Ukikausha kinamasi, ile mboji huanza kuoza na kaboni inarudi juu. Sisemi zaidi hapo, mwalimu wa jiografia atanisahihisha.

Ninachopenda mimi zaidi ni habari ya samaki. Mnajua mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akala fulu wetu wadogo mpaka mamia ya aina zake zikapotea. Lakini mbuta ana udhaifu mmoja: hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Ndani ya mafunjo oksijeni ni haba, na baadhi ya fulu wanaimudu. Kwa hiyo wakajificha humo, jambazi akabaki mlangoni akichungulia! Na ngege wa asili, yule ambaye wazee wetu wanadondokwa na mate wakimtaja, alikaribia kutoweka katika ziwa kubwa, lakini akabaki katika Ziwa Kanyaboli, ambalo ni dogo na limezungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala kule Siaya. Kamongo na mumi nao hupenda humo humo. Humo Yala yumo pia nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame topeni, ambaye akifukuzwa hujitosa majini akaacha pua tu nje. Kuna na ndege mmoja mweusi, kifua chekundu kama moto, utosi wa dhahabu, ambaye hakai penginepo ila kwenye mafunjo. Mafunjo yakiisha na yeye kwisha. Hana nyumba ya pili.

Hebu sasa angalieni hesabu hii, mimi iliniacha mdomo wazi. Kinamasi cha Yala, kikubwa kuliko vyote vya mafunjo nchini Kenya, kina ukubwa wa karibu hekta 17,500. Yaani gugu maji lilipotutisha mwaka ule wa 1998, lilikuwa limefunika eneo linalokaribia Yala nzima. Kwa ajili ya zile hekta 17,000 za gugu tulipiga mayowe dunia nzima ikasikia, mashine zikanunuliwa, magazeti yakaandika. Lakini Yala ilipoanza kukaushwa katika miaka ya 1960, hekta 2,300 zikageuzwa mashamba, nani alipiga kelele? Baadaye, mwaka wa 2003, ikaja kampuni kutoka ng'ambo kulima mpunga, ikakaa miaka kadhaa, ikaondoka, na mabishano kuhusu ardhi ile nani aipewe yakaendelea baada yake. Mmea ukija tunaona. Mmea ukiondoka hatuoni.

Nendeni Naivasha mkaone mwisho wa mchezo huo. Ziwa lile wakati mmoja lilikuwa maarufu kwa mayungiyungi ya samawati, ua ambalo sisi wanafunzi tunalitaja katika barua za mapenzi bila kujua hata linaota wapi. (Msinitazame hivyo, mnajua mnaoandika.) Sile-maua, yule ndege mwenye vidole virefu kama miguu ya buibui, alikuwa akitembea juu ya majani yake bila kuzama. Mwaka wa 1970 kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, walitiwa ziwani humo ili wavuliwe kwa biashara. Wadudu wale ni walafi. Walikula mayungiyungi, wakala na mimea inayoota chini ya maji, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyote vilikuwa karibu vimekwisha. Lilikuwa limeingia pia gugu lingine linaloelea, salvinia, na mwaka wa 1988 gugu maji lenyewe likaonekana huko. Nyumba ikibaki wazi, kila mpita njia anaingia. Mimea ya chini ya maji imekuwa ikirudi na kupotea kadiri kamba wale wanavyopungua na kuongezeka. Nayo mafunjo ya Naivasha, ambayo zamani yalikuwa yakikinga tope la mto Malewa, yamemegwa na mashamba, yamekanyagwa na mifugo na nyati, na ziwa likipungua yanabaki nchi kavu yakaliwa. Ziwa hilo limo katika orodha ya Ramsar tangu 1995! Kumbe kuandikwa kwenye orodha si kinga.

Lakini afadhali hata hilo. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka wa 1990 kwa Ziwa Nakuru, na kufikia 2012, delta ya mto Tana ilipoongezwa, orodha yetu ilikuwa na maeneo sita. Bogoria limo, Baringo limo, Elementaita limo. Kwa upande wetu wa Ziwa Victoria hapakuwa na hata eneo moja. Waganda wameandikisha Mabamba na mengineyo kwenye ziwa hili hili. Sisi je, togo yetu haina hadhi?

Najua kuna watakaonipinga, na wengine wao wana haki. Rafiki yangu tunayelala kitanda cha juu na cha chini aliniambia, "Wewe unaimba mafunjo kwa sababu nyanya yako anauza mikeka. Mimi mama yangu analima sukuma wiki kinamasini wakati wa kiangazi. Tusile?" Swali zito hilo, na sikulala vizuri. Kiangazi kikikaza, kinamasi ndicho mahali pekee penye unyevu. Mtu mwenye njaa huwezi kumhubiria habari za ndege mwenye utosi wa dhahabu. Nilichomjibu ni kwamba kuna tofauti kati ya kulima ukingoni ukaacha ukuta wa mafunjo upande wa maji, na kuchoma kinamasi chote kwa kiberiti. Aliguna. Sina hakika kama alikubali.

Wengine husema mafunjo yanaficha mbu, nyoka na viboko. Kweli, humo wamo. Kiboko wa hapa kwetu si wa kuchezewa, na mimi sitaki mtoto yeyote aumizwe kwa ajili ya maoni yangu. Lakini mbu wa hapa shuleni hawatoki mbali. Mfereji ulioziba nyuma ya jikoni umejaa viluwiluwi vyao, na hakuna aliyepeleka panga huko.

Wapo pia wanaosema mafunjo hung'oka yakawa visiwa vinavyoelea, yakaleta hasara. Ni kweli tena. Mwezi wa Aprili 2020, ziwa lilipofurika kupita kiasi, kisiwa cha namna hiyo kilisukumwa mpaka kwenye bwawa la umeme kule Jinja, na Uganda ikaingia gizani. Lakini jiulize kwa nini vilimeguka. Maji yakipanda kwa ghafula namna ile hata nyumba za watu hubebwa, na hatusemi nyumba ni gugu.

Nirudi kwa dani, maana yeye ndiye mwalimu wangu katika somo hili. Nilipokwenda likizo ya Aprili alinichukua hadi kinamasini alfajiri. Akanionyesha namna ya kukata. Unachagua bua lililokomaa, ambalo kichwa chake kimeanza kugeuka rangi ya kahawia. Changa unaliacha. Unakata juu ya maji, hugusi shina linalolala. Ukimaliza kipande hiki unahamia kingine, na hapa hurudi mpaka karibu mwaka upite. Hukati ndege wanapotaga. Yeye na wenzake wamekata mahali hapo tangu alipoolewa, na mafunjo bado yapo. Nikamwuliza nani aliwafundisha, akacheka. Kwake ni kama kuuliza nani alimfundisha kupika kuku.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka mafunjo yazungushiwe ua na watu wafukuzwe. Mwenye kuvuna ndiye mlinzi, akiachiwa avune kwa kiasi. Pale Dunga, karibu na Kisumu, watu wa kijiji wanatembeza wageni katika kinamasi kutazama ndege, na akina mama wanafuma. Wao wana sababu ya kutaka mafunjo yawepo kesho. Gugu maji nalo, mradi lipo, liendelee kuvunwa likafumwe vikapu na viti, likatengenezwe mbolea. Hilo likatwe hata usiku wa manane, sitalia.

Mmetaka kujua yaliyotokea kwenye kile kipara chetu. Mvua za Machi zilipoanza, kijito kilishuka chekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, kikaingia ziwani moja kwa moja, hakuna kilichokizuia. Upepo ulipogeuka, zulia la gugu maji likasukumwa likaja likatua pale pale tulipofyeka, kana kwamba tulilitengea nafasi. Mnakumbuka lile juma la Mei tulipobeba ndoo kutoka kwenye tangi la kijijini, bomba la kuvuta maji lilipoziba tope na mizizi? Mlilaumu fundi. Sidai ni mapanga yetu peke yake. Huenda mwaka huu mvua ilizidi. Lakini nilipokuwa nikibeba ndoo zangu mbili saa kumi na moja alfajiri, jina la fundi halikunijia akilini. Nilifikiria panga langu.

Sasa nasikia kuna mpango. Sehemu iliyobaki ng'ambo ya kijito, ambayo hatukuifikia siku ile, inasemekana itasafishwa muhula ujao ili tupate bustani ya shule. Bwana Mwalimu Mkuu, kwa heshima na taadhima naomba tusikilizane. Bustani ni jambo jema na kabichi sizichukii. Lakini iwekwe juu, kwenye ile nyasi ambayo ng'ombe wa jirani ndio wanaofaidi. Kipande cha mafunjo kiachwe, na chama chetu cha mazingira kipewe kazi nyingine tarehe 2 Februari: tuvute gugu maji peke yake, na anayetusimamia awe mtu anayejua kutofautisha mmea na mmea. Kama hakuna, dani yangu yuko tayari. Nimekwisha mwuliza. Alisema atakuja mradi atapewa kiti, magoti hayamruhusu kusimama sana.

Na upande huu tulioukata, tafadhalini, mtu asipite na reki. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilishuka peke yangu kutazama. Nilipekua katikati ya lile gugu karibu na mdomo wa kijito, mahali ambapo panga halikufika chini sawasawa, nikaona vichipukizi vyenye ncha kali vikitoka topeni. Nilivihesabu mara mbili. Ni kumi na kimoja.